Prosesa 126 ambazo hazitakuja

Seva yetu ina prosesa mbili. Nina hakika na idadi hiyo kwa sababu mimi ndiye ninayeilipia kila mwezi, kwa dola, kwa niaba ya ofisi ndogo hapa Langoni, Lamu, tunakoweka hesabu za boti na za vyumba vya wageni. Prosesa mbili, memori GB 1, diski ya kutosha, basi. Si mashine ya kutambia. Ni mashine pepe, yaani kompyuta iliyokatwa ndani ya kompyuta kubwa ya mtu mwingine huko ng'ambo.

Siku moja mchana, jua limesimama juu ya bahari na hata punda wamejibanza kwenye vivuli vya kuta, nilikuwa nasoma maneno ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha seva, huyaandika inapowaka. Kwa kawaida siyasomi. Nayasoma pakiwa na tatizo, na tatizo lilikuwa kwamba programu ya hesabu inauliwa usiku wa manane kwa sababu memori imekwisha. Mstari mmoja ukanisimamisha. Kerneli ilikuwa inatangaza kwamba imeruhusu prosesa 128, na kwamba 126 kati ya hizo ni za kuchomekwa baadaye.

Mbili zipo. Mia na ishirini na sita zinangojwa. Na kila inayongojwa imeshatandikiwa kitanda, yaani imetengewa memori yake.

Mjadala wa kupunguza memori inayogawiwa kila prosesa ndani ya kerneli ni wa zamani, na kwa maoni yangu mara nyingi huanzia mahali pasipo. Watu hubishana juu ya ukubwa wa kitanda. Ugonjwa uko kwenye idadi ya vitanda.

Kwanza, kwa nini kila prosesa iwe na chake? Nenda gati ya Mokowe asubuhi, mabasi yakishafika. Abiria wanashuka na mabegi yao, manahodha wanaita. Tuseme kila abiria anayepanda boti lazima aandikwe, na daftari la kuandikia ni moja. Nahodha wa kwanza analo, wa pili kanyoosha mkono, wa tatu anapiga kelele kuwa maji yanatoka. Kuandika jina ni sekunde tatu. Kulingoja daftari ni robo saa. Niliwahi kumpigia mfano huu mzee mmoja aliyeendesha boti maisha yake yote, na hakuhitaji maelezo zaidi. “Daftari moya, mikono kumi,” alisema. “Hapo hamuandiki, mwapigana.”

Prosesa nazo hupigana hivyo hivyo. Prosesa haichukui baiti moja moja kutoka memori kuu. Inabeba fungu zima, kwenye mashine nyingi za leo ni baiti 64, na kuliweka kwenye kashe yake, kijighala cha haraka kilicho karibu nayo. Nyingine ikitaka kuandika ndani ya fungu lilo hilo, hata kama ni baiti ya jirani, fungu lazima lihame. Kihesabu kimoja kinachoongezwa na prosesa 16 ni sawa na fungu moja linalorushwa mikononi mwa watu 16: kujumlisha moja ni kazi ya kufumba na kufumbua, safari ndiyo inayokula muda.

Dawa inajulikana. Kila nahodha apewe kijidaftari chake, aandike bila kumngoja mtu, na jioni karani avikusanye na kujumlisha. Ndivyo Linux inavyofanya kwa vihesabu vya pakiti za mtandao, takwimu za memori na mambo mengine mengi. Mgawaji wa memori ya namna hii ulioko leo uliandikwa upya na Tejun Heo, mmoja wa waandishi wa kerneli, mwaka 2009, na wazo lake bado ni zuri: omba kitu kimoja, kerneli itakipa kila prosesa nakala yake, na kila prosesa itagusa ya kwake bila kufuli, yaani bila kuzuiana na kungojeana.

Kuna gharama ndogo ya usahihi, ambayo sitaikalia sana. Karani akiulizwa saa nne asubuhi abiria ni wangapi, jibu lake litakosea kwa kiasi kilichoko mifukoni mwa manahodha. Vihesabu vya Linux vya aina hii huruhusu kila prosesa ishike kiasi fulani kabla ya kukimwaga kwenye jumla kuu: 32, au mara mbili ya idadi ya prosesa zilizowaka, ipi kubwa. Kwenye mashine ya prosesa 64 hiyo ni 128 kwa kila moja, na jumla kuu inaweza kuwa nje kwa 8,192. Kwa anayehesabu pakiti, si kitu. Kwa anayehesabu nafasi zilizobaki kwenye diski inayokaribia kujaa, ni kitu, na ndiyo maana waandishi wa mifumo ya faili huwa waangalifu hapo.

Gharama kubwa ni ile ya kuzidisha, na haionekani mahali inapoandikwa. Mtu anayeandika moduli, yaani kipande cha kerneli, anaomba baiti 64. Kwenye msimbo wake ni mstari mmoja mfupi. Kwenye seva yangu, baiti 64 zikizidishwa kwa 128 ni 8,192, yaani kurasa mbili kamili za memori, kwa ajili ya kihesabu kimoja. Yeye hakukosea. Alipima kwenye kompyuta yake ya mezani yenye prosesa nane, akaona nusu kilobaiti, akaendelea na maisha.

Nilitaka kuona idadi kwa macho. Kerneli inapowaka huandika kila prosesa imetengewa kurasa ngapi za mwanzo. Kwetu zilikuwa 45. Ukurasa mmoja ni KB 4, kwa hiyo KB 180 kwa kila prosesa. Zidisha kwa 128: KB 23,040, yaani MB 22 na nusu, kabla mtu yeyote hajaingia wala programu hata moja haijaanza. Kisha ukuta wa mtandao, ule unaochuja pakiti, ukapanda, na kontena, programu zilizotengwa kila moja kwenye chumba chake, zikapanda, kila kimoja na vihesabu vyake. Kwenye faili la /proc/meminfo kuna mstari unaoitwa “Percpu”, na siku ile ulisoma KB 45,056. Hizo ni MB 44 kwenye mashine ya GB 1, zaidi ya asilimia 4, na mstari huo haujahesabu kumbukumbu za usimamizi za mgawaji mwenyewe. Katika MB 44 hizo, zaidi ya 43 ni za prosesa ambazo hazipo.

Niwe mkweli: MB 43 si ndizo zilizokuwa zikiiua programu yetu. Ilikuwa inavuja, na ufa nikauziba wiki iliyofuata. Lakini anayekaa kwenye nyumba ya chumba kimoja ana haki ya kuuliza kwa nini kona moja imejaa viti vya wageni asiowajua.

Kijana ninayefanya naye kazi aliwahi kunitangulia kulitatua. Alifungua faili la GRUB, programu inayoiwasha kerneli, akaongeza maxcpus=2, akaiwasha seva upya. “Ami, nimeifunga,” akaniambia, kwa furaha kabisa. Tukafungua meminfo. KB 45,056. Hata kilobaiti moja haikutikisika.

Kosa lake ni la watu wengi, na lina somo ndani yake kuhusu namna kerneli inavyofikiri. Linux ina orodha tatu za prosesa, na zote unaweza kuzisoma kama mafaili chini ya /sys/devices/system/cpu. Kuna zilizowaka, kuna zilizopo, na kuna zinazowezekana. Neno maxcpus huiambia kerneli ni prosesa ngapi iziamshe inapowaka. Nyingine zinaweza kuamshwa baadaye, kwa hiyo vitanda vyao haviguswi. Linalogusa orodha ya zinazowezekana ni nr_cpus. Tukafuta neno la kwanza, tukaandika nr_cpus=4, tukawasha upya. Mstari ukasoma KB 1,408. Hesabu ni ile ile, kurasa 88 za KB 4, ila sasa zimezidishwa kwa 4 badala ya 128.

Tazama kilichopungua hapo. Hatukupunguza hata baiti moja ya fungu la memori linalotengewa kila prosesa. Kila iliyopo bado ina kurasa zake 88, kasi ni ile ile, hakuna kufuli jipya. Tulichogusa ni kizidisho peke yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kikomo kiwekwe kwenye fungu. Kerneli tayari ina kikomo cha namna hiyo: ombi moja la memori ya kila prosesa haliwezi kuzidi KB 32, likizidi linakataliwa. Kwenye mashine ya prosesa mbili, ombi kubwa kuliko yote litakula KB 64. Chukua sasa mashine kubwa ya leo. AMD ilitoa mwaka 2024 prosesa ya EPYC 9965 yenye koa 192, yaani viini vya kufanyia kazi, na nyuzi 384, kila uzi ukihesabiwa na kerneli kama prosesa. Weka mbili kwenye bodi moja, kerneli inahesabu 768. Ombi lile lile la KB 32 linakula MB 24. Bawabu mmoja, kipimo kimoja, kapitisha jahazi na meli ya makontena kwa sababu zote zina mlango wa upana ule ule.

Kuna mahali ambapo kupunguza fungu ni sawa, nisije nikaonekana mkaidi. Kila prosesa iliyowaka huweka mfukoni kurasa tupu kadhaa ili isikimbilie ghala kuu kila inapotaka moja. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha mfuko huo kilikuwa kurasa 186, yaani KB 744. Prosesa mbili, haifiki hata MB 2. Prosesa 128 zilizowaka kweli, MB 93, na hiyo ni kwa ukanda mmoja wa memori, maana kerneli huigawa memori katika kanda. Linux 5.14 ya mwaka 2021 ilileta mpangilio mpya wa msimamizi kuupima mfuko huo kama sehemu ya memori ya ukanda. Vizuri. Lakini mfuko huo ni wa prosesa zilizowaka tu, na memori ikiwa finyu kerneli huukung'uta na kuzirudisha kurasa ghalani. Ni mkopo. Vitanda vya prosesa 126 si mkopo. Ni zawadi kwa asiyezaliwa.

Ukipunguza sana mfuko, prosesa zinarudi kwenye foleni ya daftari moja. Umeokoa megabaiti, umerudisha ugomvi wa gatini.

Historia inasimama upande wangu, na mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni wa mwaka 2007. Mgawaji wa vitu vidogo vidogo ndani ya Linux wakati huo, SLAB, aliweka foleni kwa kila nodi, yaani kundi la prosesa na memori iliyo karibu nazo, na kwa kila prosesa, na nyingine za kila prosesa kwenye kila nodi. Ongeza mara mbili upande huu na mara mbili upande ule, unapata mara nne. Christoph Lameter, aliyekuwa SGI, kampuni iliyounda mashine kubwa kubwa, aliandika kwamba kwenye mashine zao za nodi na prosesa elfu moja kulikuwa na gigabaiti kadhaa zilizofungwa kwa kuhifadhi tu marejeo ya vitu vilivyomo kwenye foleni hizo. Siyo vitu vyenyewe. Orodha ya vitu. Jibu lake lilikuwa SLUB, iliyoingia Linux 2.6.22, na alichofanya ni kuziondoa foleni zenyewe. SLAB iliendelea kuwepo pembeni hadi ilipoondolewa kwenye Linux 6.8 mwaka 2024, miaka 17 baadaye. Mambo ya kerneli hayana haraka.

Wa pili naupenda zaidi kwa sababu unagusa ukuta wa mtandao, kitu ambacho kila mwenye seva anacho. Hadi mwaka 2015, ulipoandika kanuni za iptables, chombo cha Linux cha kupanga ukuta huo, kerneli ilinakili jedwali zima la kanuni kwa kila prosesa inayowezekana. Zima. Kichwa cha kanuni moja ni baiti 112. Kwa prosesa 64, kanuni moja inakula baiti 7,168 kwa kichwa peke yake. Seva yenye kanuni elfu kadhaa ilikuwa inabeba makumi ya megabaiti ya maneno yale yale yaliyorudiwa. Florian Westphal, mwandishi wa sehemu hiyo ya kerneli, alipoliangalia akauliza swali ambalo lingeulizwa na karani yeyote wa gati: ni kitu gani hapa kinachoandikwa? Kanuni hazibadiliki kila pakiti inapopita, zinasomwa tu. Kinachobadilika ni kihesabu cha pakiti kilicho kando ya kanuni. Basi kuanzia Linux 4.2 kanuni zikawa nakala moja, na vihesabu tu ndivyo vikabaki vya kila prosesa. Ubao wa nauli hubandikwa mmoja pale gatini, watu wote wakausoma; hakuna anayemchorea kila nahodha ubao wake.

Swali la Westphal lingefaa kuwa la kwanza kwa kila anayeomba memori ya kila prosesa, na kwa kadiri ninavyosoma msimbo, mara nyingi ni la mwisho.

Sasa upande wa pili, kwa sababu una hoja. Kwa nini kerneli isingoje prosesa ije kweli ndipo itandike kitanda? Waliojenga mfumo si wazembe. Msimbo unaotumia memori hii uko kila mahali, na sehemu kubwa yake huzunguka prosesa zote zinazowezekana: huanzisha nakala ya kila moja, na baadaye hujumlisha ya kila moja. Ukisema nakala ya prosesa ya 57 haipo hadi itakapochomekwa, kila mmoja wa watumiaji hao lazima aandike msimbo wa kusikiliza: prosesa imekuja, ianzishie, prosesa imeondoka, hamisha hesabu yake. Msimbo huo ni mgumu, haujaribiwi mara kwa mara kwa sababu watu hawachomeki prosesa kila siku, na kosa ndani yake huangusha mashine nzima. Wakaamua kulipa memori ili wanunue usahili. Kwenye mashine ambayo zinazowezekana na zilizopo ni karibu sawa, wamelipa senti.

Hapa kwetu tuna mfano wa kuishi kwa matarajio, na uko ng'ambo ya mkondo tu. Mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za usafiri, ulipozinduliwa Lamu Machi 2012, bandari ilichorwa na magati 32. Yaliyojengwa kwanza ni matatu, na la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kuna mengi ya kusema juu ya mradi ule, na wavuvi wamekwisha yasema wenyewe, mahakamani na barazani. Lakini kwa upande mmoja wahandisi wake walifanya ambacho kerneli haifanyi: walichora 32 na kumwaga zege la matatu. Kerneli yetu ilichora 128, ikamwaga zege la 128, kisha ikaendesha boti mbili.

Ndiyo maana naona kikomo mahali pake ni langoni, pale idadi inapotangazwa. Kerneli haiibuni 128 kutoka kichwani. Inasomewa na firimwea, programu ya ndani ya mashine yenyewe: kuna jedwali ambalo mashine, ya kweli au pepe, huorodhesha prosesa zake, na zile zilizozimwa nazo zimo. Kwenye jedwali hilo zamani hapakuwa na njia ya kutofautisha “imezimwa, inaweza kuja” na “imezimwa, haitakuja kamwe”, kwa hiyo kerneli ilitandika vitanda vyote kwa usalama. Toleo la 6.3 la ACPI, kanuni zinazoeleza majedwali ya aina hiyo, mwaka 2019, liliongeza alama ya kusema jambo hilo waziwazi, na baadaye Linux ikaanza kuisoma. Hiyo imesaidia kwenye bodi za kweli ambazo watengenezaji wavivu walijaza jedwali kwa nafasi za prosesa zisizokuwepo.

Haitusaidii sisi wapangaji. Kwenye mashine pepe, mwenye nyumba anasema kweli kwamba prosesa ya 57 inaweza kuja. Anaweza kuniuzia kesho kwa kubofya mara moja. Hatalazimika kuizima mashine yangu, na hilo analinadi kama faida. Uwezekano ni wake, memori inayoulinda uwezekano huo inatoka kwenye GB 1 yangu. Na GB hutozwa mimi.

Ingekuwa haki kidogo kama bili ingeonekana. Hili nalo limeanza. Hadi mwaka 2020, ukiziwekea kontena kikomo cha memori kwa cgroup, mfumo wa kerneli wa kupanga programu katika vikundi na kuvihesabia matumizi, memori ya kila prosesa haikuhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Kontena ingeweza kujenga jedwali la BPF, programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli, lenye nakala kwa kila prosesa, likala memori ya mashine nzima, na daftari lake likabaki safi. Roman Gushchin, mwandishi mwingine wa kerneli, alipoleta marekebisho yaliyoingia Linux 5.9 alieleza kwamba kwenye mashine yenye prosesa nyingi na vikundi vingi, takwimu za ndani za vikundi vyenyewe zinaweza kufika mamia ya megabaiti. Sasa zinatozwa, na kwenye memory.stat ya kila kikundi kuna mstari wake. Mwaka mmoja baadaye akaongeza uwezo wa mgawaji kurudisha kurasa zilizobaki tupu katikati ya mafungu yake, ambazo zamani zilikaa humo bila kazi.

Lakini tozo nayo inatumia kizidisho kile kile. Kontena yako ikiwa na ruhusa ya prosesa moja tu, ikakaa kwenye mashine ya prosesa 768, inatozwa mara 768. Hamisha kontena ile ile, kikomo kile kile cha memori, kutoka mashine ndogo kwenda kubwa, na kwenye mashine bora zaidi inaweza kufa kwa njaa. Nimeona mtu akiibishia hali hii siku nzima, akiamini mashine mpya ni mbovu. Hata nje ya kerneli ugonjwa ni huo huo: glibc, maktaba ambayo programu nyingi za Linux huitumia kuomba memori, huruhusu, kwenye mifumo ya biti 64, maeneo ya ugawaji hadi mara 8 ya idadi ya koa, na wenye kuendesha kontena wamejifunza kuweka MALLOC_ARENA_MAX, kikomo cha maeneo hayo, kwa mkono bila hata kujua kwa nini inasaidia.

Ningependa mgawaji wa kerneli aseme bei kabla ya kuuza. Ombi la baiti 64 liandikwe kwenye kumbukumbu za ukaguzi kama 64 mara idadi, ili anayeandika moduli aione namba kamili akiwa bado kwenye kiti chake na si mimi niione Langoni miaka mitano baadaye. Na kerneli inapowaka na kukuta kwamba zinazowezekana ni zaidi ya, tuseme, mara nne ya zilizopo, memori yenyewe ikiwa ni kiduchu, isipitishe jambo hilo kwa mstari mmoja katikati ya mistari mia nane. Ionye. Uamuzi ubaki kwa mwenye mashine. Kuwaomba waandishi wa kila moduli wasikilize ujio na uondokaji wa prosesa ni kuomba kisichowezekana. Kumwomba mwenye lango ahesabu vizuri ni kazi ya jioni moja.

Nilimwandikia mwenye kutukodisha seva nikamwomba anipunguzie nafasi za kuchomeka kutoka 128 hadi 8. Alijibu kwa adabu kwamba kiolezo ni kimoja kwa wateja wote. Kwa hiyo nr_cpus=4 imebaki kwenye faili letu la GRUB. Kijana ameibandikia karatasi ndogo ya njano ukutani, juu ya swichi, kwa mwandiko wake mkubwa: siku tukinunua prosesa ya tano, mstari huu ufutwe kwanza, la sivyo tutakuwa tunalipia prosesa ambayo kerneli imekataa kuiona.